Imewaka Mpanda! Mtazamo wa Kwanza wa OpenMRS 3 na Moduli Zake

Imewaka! Feni ya kompyuta mpakato inavuma, chai imepoa mezani, na kwenye kioo yupo mgonjwa wa kubuni mwenye alama ya manjano pembeni mwa jina lake. Leo asubuhi alama hiyo haikuwapo. Haikuletwa na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, wala haikusubiri toleo jipya la mfumo. Imetoka kwenye faili la .omod ambalo halifiki hata megabaiti moja, nililoliandika hapa hapa Makanyagio, Mpanda, nikalipachika kwenye mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokuwa unaendelea na kazi zake, na msimbo wa mfumo wenyewe sikuugusa hata mstari mmoja. Jamani, nani alisema Java imezeeka?

Kwa aliyechelewa kufika: OpenMRS ni mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulioandikwa kwa Java juu ya fremuweki ya Spring. Unapakuliwa bure, msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuubadilisha. Toleo la 3 la programu yake ya marejeo, ambalo mashabiki tunaliita O3, ndilo lililoninyima usingizi. Sura yake mpya inapendeza, hilo halina ubishi. Lakini kilichonimaliza ni namna linavyobeba moduli ndani ya kontena.

Programu nyingi za mtandao zilizoandikwa kwa Java hufungwa zote kwenye faili moja kubwa la .war, likawekwa kwenye seva ya Tomcat, basi. Ukitaka kuongeza safu moja tu kwenye ripoti, unaunda upya dude zima, unazima seva, unaweka jipya, unawasha, unaomba Mungu. OpenMRS imekataa utaratibu huo. Faili la .war ni kiini tu: mgonjwa, ziara, vipimo, watumiaji na haki zao. Vingine vyote ni moduli zinazoungwa baadaye. Aliyewahi kupanda treni ya Mpanda ataniwahi kuelewa: pale Kaliua reli inachepuka, mabehewa ya Kigoma yanakwenda Kigoma, ya kwetu yanamalizia kilomita zipatazo 210 zilizobaki, na hakuna anayefumua kichwa cha treni kwa sababu ya behewa kuongezwa au kukatwa.

Na mtu asiniambie haya ni makubwa ya watu wa mbali. Kitu hiki kimezaliwa jirani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo mdogo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Kisha mpango wa AMPATH uliounganisha Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana ukaanza kupokea watu wenye VVU kwa wingi ambao mfumo ule haukuwa umejengwa kuubeba. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret, wakaona hali ilivyo, wakakaa chini na kuchora upya. Wakaungana na wenzao wa Partners In Health na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Februari 2006 OpenMRS ikaanza kazi Eldoret, na mwaka huo huo ikaingia Rwanda.

Hapo ndipo moduli zilipopata sababu ya kuwapo. Eldoret walihitaji fomu za VVU. Wale wa Partners In Health walikuwa wametoka kupambana na kifua kikuu sugu huko Peru, na mahitaji yao yalikuwa mengine kabisa. Ukiwalazimisha wote watumie programu moja isiyokunjika, utaishia na nakala mbili zilizoachana njia, kila moja na wadudu wake. Ukiwapa kiini kimoja na nafasi ya kupachika, kila mmoja anapachika chake. Leo KenyaEMR ya Kenya na UgandaEMR ya Uganda ni kiini kile kile kilichovikwa moduli tofauti. Hapa nyumbani, vijana wa maabara ya DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamejenga mfumo wao wa iCare juu ya OpenMRS, na moyo wake ni moduli. Hawakuandika upya namna ya kumsajili mgonjwa. Kwa nini wajitese?

Sasa Katavi. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilituhesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Tumezidi mara mbili ndani ya miaka kumi! Wengine tumezaliana, wengine wamekuja na ng'ombe, wengine wamefuata mashamba na dhahabu. Rejista za karatasi zinajazwa kwa mkono katika zahanati ambazo foleni yake imekuwa ndefu maradufu, na mwisho wa mwezi mtu anakaa na kalamu kujumlisha. Kuna takwimu nyingine isiyopendeza: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshaanza kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Kwa hiyo nilipotafuta moduli ya kujaribia, sikuhangaika. Nilitaka kitu kimoja tu: mjamzito wa chini ya miaka 20 akiandikishwa kliniki, mfumo umwekee alama bila mtu kupiga hesabu ya umri, ili nesi ajue huyu anahitaji kukaa naye zaidi.

Tuingie ndani, maana huku ndiko kwenye utamu.

Faili la .omod ukilifungua ni faili la kawaida la Java lililobanwa. Ndani yake kuna config.xml, na hicho ndicho kitambulisho chake. Pale unataja jina la moduli, toleo lake, toleo la OpenMRS inalolihitaji, na moduli nyingine ambazo bila hizo haiwezi kuamka. Unataja haki mpya za watumiaji unazotaka kuongeza, ili msajili wa mapokezi asione anachostahili kuona daktari. Unataja mipangilio yake na thamani za kuanzia. Halafu kuna liquibase.xml, inayoeleza majedwali ambayo moduli inataka kwenye kanzidata. Sikuandika amri hata moja ya kuunda jedwali kwa mkono: moduli iliposhuka, jedwali likaundwa lenyewe, na mfumo ukaandika kumbukumbu kwamba badiliko hili limeshafanyika, lisirudiwe. Ukimpelekea mwenzako wa Inyonga faili hilo hilo, jedwali lile lile litatokea kwake, safu kwa safu.

Kisha kuna klasi moja inayoitwa activator. Hii hupigiwa hodi moduli inapotaka kuanza, ikishaanza, inapotaka kusimama, ikishasimama. Unaweza kuiambia: ukianza, hakikisha aina hii ya ziara ipo. Ukisimama, zima kazi uliyokuwa unaifanya kila saa. Kila moduli ina kipakiaji chake cha klasi, yaani inaona maktaba zake yenyewe na za moduli ilizozitaja kwamba inazitegemea. Moduli yako ikija na toleo jipya la maktaba fulani, kwa kawaida haimvurugi jirani aliyebaki na la zamani. Waliowahi kupigana na mgongano wa maktaba kwenye Java wanajua kwa nini nilisimama kitini. Ulimwengu wa Java una njia nyingine za kufanya haya: OSGi ina historia ndefu zaidi, na Java yenyewe ililetewa mfumo wake wa moduli katika toleo la 9 mwaka 2017. Zote ni nzuri. Ila kwenye OSGi nimeona watu wazima wakitokwa jasho kwa wiki nzima kabla ya kuona ukurasa mmoja. Hapa unaandika, unapachika, unaona.

Lakini uchawi wenyewe uko kwenye kipengele kinachoitwa advice. Moduli inaweza kusema: kila mara mtu yeyote, kupitia fomu yoyote, anapohifadhi mgonjwa, nipitie na mimi kwanza. Au nipitie baadaye. Kiini hakijui kama upo. Fomu haijui. Umekaa mlangoni unaangalia anayepita. Moduli yangu ilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza na kuandika mstari wake kwenye kumbukumbu za seva, nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Kuanza ni rahisi kiasi cha kutia shaka. OpenMRS ina zana zake za wajenzi zinazofanya kazi kupitia Maven: unaiambia ikuundie mradi mpya, inakuuliza jina la moduli na mambo machache, inakutandikia folda zote, moja ya kazi za ndani na nyingine ya kurasa za mtandao. Unajaza yako, unajenga, na kwenye folda ya target linakusubiri faili la .omod. Unafungua ukurasa wa kusimamia moduli, unachagua faili, unabofya. Kimya kidogo. Kisha moduli yako imo kwenye orodha, na alama ya kuonyesha kwamba inafanya kazi. Hapo ndipo nilipomwita jirani.

Jirani yangu ni nesi mstaafu, mtaa mzima tunamwita Mama. Nikamkalisha mbele ya kioo, nikamwambia aandikishe wagonjwa wa kubuni apendavyo. Akavaa miwani, akaanza kwa kuniuliza swali ambalo wahandisi wengi hawajawahi kuulizwa.

"Na huyu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa namwandikaje, mwanangu? Maana wengi watakwambia nilizaliwa mwaka wa njaa."

Nikamwonyesha. OpenMRS ina sehemu maalumu inayosema kwamba tarehe hii ni ya kukadiria. Unaandika umri, mfumo unakadiria tarehe na kukumbuka kuwa ni makadirio. Kitu hicho kimo kwenye kiini, si kwenye moduli, maana waliokichora walishakutana na wagonjwa kama wetu. Akacheka, akaandika binti wa miaka 17, akachagua kliniki ya wajawazito, akabofya kuhifadhi. Manjano!

"Eh! Imejuaje bila kuulizwa?"

"Imepiga hesabu, Mama."

"Basi na mimi ingenisaidia zamani hizo," akasema, kisha akaongeza jambo lililonigeuza mwanafunzi: "Lakini usiiweke hiyo rangi mahali mumewe au mama mkwe aliyemsindikiza anaweza kuiona. Watauliza ni ya nini."

Nilibadilisha sehemu inapotokea alama, nikajenga upya, nikapandisha toleo jipya juu ya la zamani. Sasa inaonekana kwenye ukurasa wa nesi peke yake, kwa mwenye haki ile mpya niliyoitaja kwenye config.xml. Safari nzima, kutoka neno la Mama hadi kioo kubadilika, iliisha kabla hajamaliza chai yake. Hebu jaribu hilo na mfumo wa faili moja kubwa linalosimamiwa na mkandarasi aliye mkoa mwingine!

Kuna vitu vidogo pia ambavyo ukivigundua unatabasamu peke yako. Namba ya mgonjwa, kwa mfano. Kwenye utaratibu uliokuja na mfumo, namba hutumia tarakimu na herufi 30 tu. B, I, O, Q, S na Z zimeondolewa, kwa sababu kwenye mwandiko wa haraka B hugeuka 8, O hugeuka sifuri, S hugeuka 5. Mwishoni inawekwa herufi ya uhakiki, ili ukikosea tarakimu moja mfumo ukugomee hapo hapo badala ya kukufungulia faili la mtu mwingine. Na lugha? Ndani ya moduli nimeweka faili la messages_sw, nikaongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha zinazoruhusiwa, na maneno ya moduli yangu yakatokea kwa Kiswahili. Mama alisoma "Hudhurio la kwanza" akapita bila kushangaa, na kutoshangaa kwake ndiyo sifa niliyoitaka.

Sasa Docker, na hapa ningeomba ukae vizuri.

O3 inakuja imefungwa kwenye makontena. Unaandika docker compose up, na vinaamka vitu vinne: lango la kupokea wageni, sura ya mbele iliyojengwa kwa React, kanzidata ya MariaDB, na nyuma kabisa Tomcat yenye OpenMRS na moduli zake. Kwa hiyo moduli zangu zinaishi ndani ya Tomcat, ambayo yenyewe kwa lugha ya Java ni kontena, na Tomcat hiyo inaishi ndani ya kontena la Docker. Kuwaka kwa mara ya kwanza kunachukua muda mrefu, usiogope. Mfumo unaunda majedwali na kumeza kamusi kubwa ya istilahi za tiba. Kuna hata moduli ya kuzalisha wagonjwa wa mfano, kwa hiyo ukiingia hukuti hospitali tupu. Kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 mambo yanakwenda, ingawa kivinjari chenye kurasa nyingi kitakuletea kilio.

Ila makontena haya mawili hayana tabia moja, na anayeanza lazima alijue hili mapema. Tomcat ya kawaida inakumbuka: moduli uliyoipandisha kwa mkono inakaa kwenye folda ya data na kesho utaikuta. Kontena la Docker la OpenMRS, kila linapowaka, linafuta folda ya moduli na kuijaza upya kutoka kwenye mgao uliofungwa ndani ya imeji. Kile ulichokipandisha kupitia ukurasa wa kusimamia moduli kinatoweka. Data ya wagonjwa iko salama kwenye kanzidata, jedwali lako lipo, lakini moduli yenyewe haipo tena. Si kasoro, ni msimamo: wanataka uwe na orodha moja ya moduli na matoleo yake, kwenye faili la distro.properties, ujenge imeji kutokana nayo, na imeji hiyo iwe ile ile kila mahali. Kupandisha kwa mkono ni kwa kuchezea tu.

Mwanzo nilinuna. Kisha nikaifikiria Katavi: Karema ziwani, Mishamo, Usevya, Inyonga, vituo vilivyotengana kwa barabara ambazo masika zina maamuzi yake. Fundi mmoja akipandisha toleo hili hapa na lile kule kwa mkono, baada ya mwaka hakuna anayejua nini kiko wapi. Imeji moja inamaliza ubishi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jenga na uchezee kwa Tomcat tupu, ambako unapachika na kupachua kwa raha, lakini ukitoka nje ya meza yako, toka na imeji. Wanaosema Docker imeua haja ya moduli hawajajenga chochote. Imeji ni sanduku la kusafirishia, na kinachosafirishwa bado ni moduli.

Kusafirisha kwenyewe ndiko kunakowahusu watu wa huku. Maven ikianza kazi inashusha maktaba utadhani bando ni la bure. Fanya hivyo mara moja, mahali penye mtandao mzuri, kisha beba folda ya .m2 kwenye flashi. Ukifika kwako unaiongezea Maven alama ya -o ijenge bila kugusa mtandao kabisa. Imeji za Docker nazo zinashikika: docker save inazigeuza faili moja kubwa, docker load inazirudisha upande wa pili. Gigabaiti zinasafiri kwa basi mfukoni mwa mtu, na baada ya hapo moduli mpya yenye ukubwa wa picha ya simu inaweza kutumwa hata mtandao ukiwa unachechemea. Uwiano huo, kiini kizito kinachokuja mara moja na moduli nyepesi zinazofuata, umeendana na Mpanda kana kwamba mtu alikaa Kashaulili akauchora.

Siwezi kuwa shabiki nikawa kipofu. Ile ahadi ya kupachika moduli bila kuzima seva ni nusu kweli. Moduli inapoanza, Spring inalazimika kujipanga upya yote, na katika muda huo maombi ya watumiaji yanakwama au yanagonga ukuta. Meza yenye mtu mmoja haioni tatizo. Mapokezi yenye foleni ya asubuhi yataliona. Ukipachika na kupachua mara nyingi mfululizo, kumbukumbu ya mashine nayo inaanza kujaa, kwa hiyo ni busara kuiwasha Tomcat upya baada ya mabadiliko makubwa. Ukisimamisha moduli, zote zinazoitegemea zinasimama nayo, bila huruma. Angalia orodha kabla ya kubofya.

Jambo linaloniudhi zaidi ni mpasuko kati ya nyuma na mbele. Kurasa ulizoandika ndani ya .omod kwa mtindo wa zamani zinaonekana kwenye upande wa usimamizi wa zamani, si kwenye sura mpya ya O3. Sura hiyo ina moduli zake yenyewe za React, zinazopachikwa kwenye nafasi zilizoachwa wazi ndani ya kurasa. Ni mfumo mzuri, wenye falsafa ile ile, lakini maana yake, ili ionekane na kwenye O3, alama yangu ya manjano imenibidi niiandike mara mbili: hesabu kwa Java nyuma, rangi kwa React mbele, katikati daraja la REST. Kwa mtu aliyeshika Java peke yake, huo ni mlima. Ningefurahi kuona njia fupi kwa vitu vidogo kama hiki changu.

Na umeme. Mpanda tumeishi miaka mingi kwa majenereta nje ya Gridi ya Taifa, kwa hiyo giza la ghafla tunalijua. Hatari yake hapa ni hii: umeme ukikatika wakati moduli inaunda majedwali, Liquibase huacha kufuli kwenye jedwali la liquibasechangeloglock, na ukiwasha tena mfumo unakaa unasubiri kufuli lifunguliwe na mtu ambaye hayupo. Dawa ni kuingia kwenye kanzidata na kulifungua mwenyewe, baada ya kuhakikisha hakuna mwingine anayefanya kazi humo. Dawa bora ni UPS, hata ndogo, na kutopandisha moduli mawingu yakiwa yamefunga.

Nani ajaribu? Mwanafunzi yeyote wa kompyuta aliyechoka kuandika mifumo ya maktaba na ya hoteli ambayo hakuna anayeitumia. Fundi wa halmashauri anayetaka kuelewa wanachosema wajenzi kwenye vikao. Nesi anayejua Excel, akae na kijana mmoja anayejua Java. Asijaribu mtu anayetaka kuingiza wagonjwa wa kweli kesho asubuhi! Jina la kuingilia la kuanzia ni admin na nywila Admin123, dunia nzima inazijua, kwa hiyo badilisha kabla ya jambo lolote. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na uamuzi wa mfumo gani uingie kituoni si wa shabiki mwenye kompyuta mpakato. Wagonjwa wa kubuni wapo tele, wachezee hao.

Kinachofuata mezani kwangu ni ripoti. Vituo vyetu hupeleka taarifa za MTUHA kila mwezi, na kitaifa zinaishia kwenye DHIS2, ambayo nayo, usiseme nilikuficha, ni programu ya Java inayokaa kwenye Tomcat na kupokea programu ndogo za kupachika. Ipo moduli ya OpenMRS inayoitwa DHIS Connector, inayochukua ripoti iliyojumlishwa upande huu na kuisukuma upande ule. Nimeshaishusha. Nina DHIS2 ya majaribio kwenye kontena la pili, wasichana wa kubuni wa Mama wapo tayari kuhesabiwa, na nataka kuona kama ile hesabu ya walio chini ya miaka 20 itavuka yenyewe, bila kalamu, ikatokea upande wa pili ikiwa sahihi. Zikigombania RAM nitaazima mashine ya pili. Mama ameshasema atakuja na orodha yake ya maswali.